Uzi: Mashairi ya watoto yaanze na jina la mtoto, mtaa wake na watu wa kwao

#1 Mwalimu_Tanga

Wakuu, habari za wakati huu. Nafundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Tanga, na Jumamosi nasimamia kikundi cha watoto wanaosoma na kutunga mashairi. Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu, na najua humu mna walimu, wazazi na watunzi, ndiyo maana nimelileta.

Chukua mashairi tunayowapa watoto wa miaka 9 hadi 14. Mengi ni ya kuwausia: oga, soma kwa bidii, heshimu wakubwa, tunza mazingira, jihadhari na maradhi. Usia si vibaya. Lakini mtoto wa Makorora anaweza kumaliza darasa la saba bila kukutana na ubeti hata mmoja wenye foleni ya maji, mama anayekaanga vitumbua, mdogo wake anayekojoa kitandani, au kaka aliyekwenda Dar na hapigi simu. Anasoma mashairi miaka yote hiyo na haimjii akilini kwamba na yeye ana cha kutungia.

Halafu kuna uchambuzi. Mtoto anaulizwa shairi lina vina gani, mizani ngapi, kituo (mshororo wa mwisho wa ubeti) ni kipi, naye hajawahi kutunga hata ubeti mmoja wa kwake. Anakariri kwamba tarbia ni mishororo minne, anapata vema, imeisha hiyo.

Mimi naanza na jina. Nawaambia waende nyumbani wakaulize: nani alikupa jina, na siku hiyo kulikuwa na nini? Wakirudi wana hadithi tele. Kuna aliyepewa jina la shangazi aliyefariki wiki ile ile. Kuna aliyezaliwa Ijumaa akaitwa Juma. Kuna ambaye baba na mama walibishana, mpaka leo ana majina mawili, kila upande unamwita la kwake. Tukishasikilizana ndipo tunatunga, na tunaanza na mishororo mifupi ya mizani nane kama ya utenzi. Hatuhesabu kwenye karatasi, tunapiga meza kwa kiganja, kila silabi pigo moja. Sikio la mtoto linakamata mapema sana kuliko mwalimu anavyotarajia.

Huu ni wa binti wa darasa la sita, jina lake Masika:

*Nilizaliwa masika,*
*mvua ikimwagika,*
*bibi akafurahika,*
*kanichagulia jina.*

*Wenzangu huko shuleni*
*hunicheka darasani,*
*nawauliza: shambani*
*bila mimi mtavuna?*

Alipoufikia ule mshororo wa mwisho, wale wale waliokuwa wakimcheka walipiga makofi. Mimi sikuwa nimemfundisha kujibu. Shairi ndilo lililompa pa kusimama.

Mwingine tulimpa nafasi ajaribu mizani kumi na sita, kwa kuwa mama yake anauza vitumbua na habari za nyumbani kwao zote zinaanzia jikoni:

*Asubuhi nasikia, mama anawasha jiko,*
*Unga wake huchukua, kaukoroga kwa mwiko,*
*Iliki yaninukia, nainuka nilalako,*
*Vitumbua vya mamangu, mtaa wote wajua.*

Hapo kwenye kituo niseme kidogo. Mara ya kwanza aliandika "Vitumbua vya mama yangu". Tukapiga meza, yakaja mapigo tisa. Akajaribu kutoa "vya", ikawa haisemeki. Akajaribu "vitumbua vyake mama", yakaja manane sawasawa, lakini akasema hapana, huyo sasa ni mama wa mtu mwingine. Ndipo mvulana wa nyuma akasema: "Si useme mamangu? Kwani nyumbani huwa unasemaje?" Manane, na mama ni wake. Vitabuni kufupisha neno hivyo kunaitwa inkisari, na sekondari wataikuta kwenye mitihani. Hawa wameikuta kwenye biashara ya mama.

Swali langu kwenu: nani mwingine anafanya hivi, na watoto wanatunga nini huko mliko?

#2 MamaWawili_Moro

Mwalimu, asante kwa andiko. Mimi si mwalimu, nina watoto wawili, wa kwanza yuko darasa la tatu. Nikimwambia "tunga shairi" ananitazama tu. Nianzie wapi nyumbani?

#3 Mwalimu_Tanga

Dada, usimwambie atunge shairi. Msikilize akicheza. Watoto wakicheza rede au kombolela wana nyimbo zao, na hakuna aliyekaa akawafundisha mapigo. "Ukuti ukuti" sote tumeizunguka tumeshikana mikono. Chukua wimbo anaoujua, mwambie abadilishe maneno aweke ya kwenu: jina la paka wenu, jirani mwenye redio kubwa, bodaboda anayempeleka shule. Mapigo anayo tayari, anaweka maneno tu. Akishazoea mwandikie alichosema na umsomee kwa sauti. Mtoto wa darasa la tatu akiona maneno yake yameandikwa na mama yake, kesho atakuletea mengine bila kuombwa.

#4 Babu_wa_Pangani

Wanangu, nimesoma nimefurahi. Huyo binti wa vitumbua ana sikio. Vina vya kati vimetimia na vya mwisho vimetimia.

Niongeze kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, huko visiwa vya Lamu, alimtungia utendi binti yake Mwana Hashima, kijana wa kike. Alikuwa mgonjwa, akaona amwachie mwanawe maneno yatakayodumu. Kwa hiyo kumtungia kijana ni kazi yetu ya zamani. Na kabla yake Muyaka bin Haji wa Mombasa alikwisha kuutoa ushairi kwenye mambo ya dini peke yake, akatungia mji wake, siasa zake, mapenzi na majirani. Anayedhani shairi la mtaani ni uvumbuzi wa leo amtafute Muyaka.

Ila nina ombi. Msiwaachie watoto wakaambiwa kila sentensi iliyokatwa katikati ni shairi. Vina na mizani ni urithi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule ambaye uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake, alituwekea sheria za kutunga katika kitabu mwaka 1954 ili zisipotee. Shairi letu huimbwa. Lisiloimbika mtoto halibebi.

#5 Kayole254

Shikamoo mzee. Nakuheshimu sana, lakini hapo nitakupinga kwa adabu.

Nasimamia klabu ya Kiswahili katika shule moja Nairobi. Watoto wangu wanatoka nyumba zenye lugha tatu nne. Asubuhi ni Kijaluo au Kikamba na mama, njiani ni Sheng, darasani Kiingereza, kipindi changu Kiswahili. Nikianza na mizani nane, wale wenye Kiswahili chepesi wananyamaza kabisa, na hao ndio wana mengi ya kusema. Nilipowaambia waandike kwanza wanavyozungumza, msichana wa gredi ya sita aliniletea hili:

*Nyumbani naitwa Atieno,*
*kwa sababu nilikuja usiku.*
*Shuleni naitwa kwa namba.*
*Kwenye matatu naitwa "wewe wa nyuma".*
*Mimi hujibu yote,*
*lakini jina la usiku*
*ndilo huniamsha asubuhi.*

Halina kina, halina mizani. Lakini nililiweka ukutani na hadi walimu wa hesabu husimama kulisoma. Ningemlazimisha kutafuta vina angeandika juu ya amani na upendo kama wengine wote.

#6 Babu_wa_Pangani

Mwanangu, hilo la Atieno limenishika. Sitalibishia. Lakini soma tena utaona lina mapigo yake: "naitwa, naitwa, naitwa", kisha linageuka. Mtoto huyo anasikia. Siku moja mfundishe na mizani, asije akadhani mlango huo haukuwa wake.

#7 Mwalimu_Tanga

Mzee shikamoo, na Kayole karibu sana.

Mabishano haya yana umri mkubwa kuliko wengi wetu humu. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi*, kitabu cha mashairi yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974, wazee wa vina na mizani walisema huo si ushairi wa Kiswahili, na vijana wakasema ndio hasa. Miaka hamsini imepita na pande zote mbili bado zinatunga. Sioni sababu ya kumbebesha mtoto wa miaka 11 ugomvi huo.

Ninachokiona kikundini ni kwamba mtoto mwenyewe huchagua kulingana na anachotaka kusema. Akitaka kuchekesha, kutamba au kujibu waliomchokoza, anataka vina, kwa sababu vina vinamsaidia kumaliza kwa kishindo. Akitaka kusema jambo linalomuuma huandika mishororo iliyokatikakatika isiyo na kina, tena hataki kuisoma mbele ya watu. Nawafundisha yote mawili, mizani ikitangulia kwa kuwa wengi wao tayari wameibeba kutoka kwenye michezo. Kwa watoto wa Kayole, wenye lugha nne mdomoni, naona mwalimu amefanya sawa kuanza kwenye mazungumzo.

Niwawekee na shairi la pamoja. Tulikwenda Ngamiani, kule barabara zinakoitwa kwa namba, kila mtoto akatazama kitu kimoja. Tanga inajulikana kwa baiskeli, kwa hiyo mnaweza kukisia:

*Barabara yetu nane,*
*njoo nawe uione,*
*baiskeli zipishane,*
*huku kengele zalia.*

*Mzee wa kahawani*
*hutusalimu njiani,*
*hutuuliza: nyumbani*
*bibi yenu amepoa?*

Kwenye "baiskeli" walibishana karibu kipindi kizima. Mmoja alipiga meza mara nne, mwingine mara tano, kwa kuwa kwao bibi yao hutamka "baisikeli". Nikawaambia shairi hili litasomwa na nyinyi, chagueni mnavyotamka nyinyi. Wakapiga kura, nne ikashinda, na yule wa bibi akapewa asome ubeti wa pili peke yake.

Na ubeti huo wa pili ndio naupenda kuliko yote tuliyotunga mwaka huu. Yule mzee wa kahawa anamjua kila mtoto, anajua ni wa nyumba ipi na nani anaumwa. Watoto walimpita kila siku. Walipolazimika kutafuta maneno ya kumweka kwenye shairi ndipo mmoja akasema, "kumbe huwa anamuulizia bibi kila siku". Tulimsomea pale pale kibarazani. Akaomba wamwandikie kwenye karatasi, ameibandika juu ya meza yake ya kahawa.

#8 BintiKondoa

Mimi naomba niseme la upande mwingine. Jina langu ni Tabu. Nilizaliwa mwaka wa njaa, mama akapata shida sana kunizaa, wakaniita hivyo. Nikiwa shule kila mwalimu mgeni akiita mahudhurio darasa zima lilicheka. Nisingependa kabisa kusimama mbele ya watu kutungia jina langu wakati ule. Sasa nyinyi mnapomwambia kila mtoto akaulize hadithi ya jina lake, yule anayeitwa Shida, Mashaka au Tabu mnamweka wapi? Na yule asiyemjua baba aliyempa jina?

#9 Mwalimu_Tanga

Dada Tabu, asante kwa kusema hili kwa uwazi.

Kikundini hakuna anayelazimika kutungia jina alilopewa. Anaweza kutungia jina ambalo angejipa, au jina la mtu anayempenda, au asitungie jina kabisa akachukua kitu cha nyumbani: kigoda, kanga ya mama, ufunguo, sufuria lililotoboka. Na kusoma mbele ya wenzake ni hiari daima. Wapo wanaoandika wakanipa mimi tu, nasoma, nawaandikia mstari mmoja wa majibu, narudisha karatasi. Kama kilichoandikwa kinaonyesha mtoto anaumia nyumbani, hapo hatuzungumzii ushairi tena, namtafuta mwalimu wa malezi.

Lakini nikuambie pia, mvulana anayeitwa Mashaka alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Aliandika kwamba wazazi walikuwa na mashaka kama ataishi, na sasa yeye ndiye mrefu kuliko wote nyumbani. Aliusoma akiwa amesimama juu ya benchi. Kwa hiyo siwazuii, na siwasukumi.

#10 BintiKondoa

Huyo Mashaka nimempenda. Mama yangu bado yupo. Nitamuuliza anisimulie mwaka ule vizuri, sijawahi kumuuliza mwenyewe.

#11 Mama_Ruwi

Assalaam alaikum. Nawasoma kutoka Muscat. Kwetu sisi tuliorudi Oman kutoka Unguja, wengi baada ya 1970, Kiswahili kimebaki kwa bibi. Watoto skuli wanasoma Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili wanakisikia jikoni na harusini. Wanangu wanaelewa kila kitu lakini wakijibu wanajibu kwa Kiarabu, na wakienda Zanzibar likizo wanaambiwa Waarabu, wakirudi huku wanaambiwa Wazanzibari.

Nilisoma uzi huu jana usiku nikamjaribu binti yangu wa miaka 10. Sikumwambia vina wala nini. Nilimwambia achague kitu cha bibi. Kaandika:

*Mbuzi wa bibi hali majani,*
*anakula nazi jikoni.*
*Akishiba, sisi tunakula wali.*

Wallahi nimecheka mpaka machozi. Bibi yake kamwambia ongeza na tui. Kwa mara ya kwanza wamekaa wawili kwa Kiswahili bila mimi kuwasukuma, wanabishana tui linatiwa lini.

#12 Babu_wa_Pangani

Mwambie binti "majani" na "jikoni" vina vimegusana vyenyewe. Ana damu ya kutunga huyo.

#13 Mhariri_Dar

Natoka upande wa vitabu. Mwalimu, unachosema tunakiona mezani kwetu. Miswada ya hadithi za watoto inakuja, diwani (vitabu vya mashairi) za watu wazima zinakuja, mashairi ya watoto ni machache mno, na mengi ni yale ya usia uliyoyataja. Hata kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu kuna ushairi na kuna hadithi za watoto, na shairi la mtoto limekaa katikati, halina kiti chake.

Kingine ni fedha. Kitabu cha watoto kinahitaji michoro, michoro ya rangi ni ghali kuchapa, na mzazi akienda dukani ananunua kwanza kile kilichoagizwa na shule. Hivyo mashairi huishia kuwa ukurasa mmoja wa kujazia mwishoni mwa kitabu cha kiada. Lakini si lazima kila kitu kingoje mchapishaji. Karatasi za A4 zikikunjwa katikati na kupigwa pini ni kitabu. Tengenezeni nakala za kutosha kila mtoto apeleke moja nyumbani na moja ibaki maktaba ya shule. Watoto wachore wenyewe.

#14 Mwl_Singida

Wazo zuri, ila wakuu tuseme ukweli: kuna mtihani. Mzazi na mkuu wa shule wanataka mtoto ajue kituo ni nini na urari wa vina ni nini. Muda wa kukaa kupiga meza nautoa wapi?

#15 Mwalimu_Tanga

Mwalimu mwenzangu, muda ni ule ule wa kipindi cha ushairi, unabadilisha mpangilio tu. Watunge ubeti wao kwanza, kisha uchambuzi ufanyike juu ya ubeti huo huo. Ukimuuliza yule wa vitumbua kituo chake ni kipi, hasahau, kwa sababu alikihangaikia. Ukishamaliza na wa kwao ndipo unafungua wa kitabuni, na hapo wanausoma kama watu wanaojua kazi ilivyo ngumu.

Jaribu pia ngonjera kama darasa lako ni kubwa. Marehemu Mathias Mnyampala alizieneza miaka ile ya Azimio la Arusha, na shule nyingi zilizipokea kwa sababu zinahitaji pande mbili zinazobishana. Gawa darasa: upande mmoja watoto wa mjini, mwingine wa kijijini, au wanaolala na bibi na wanaolala na mama. Darasa la watoto themanini linafanya kazi kwa pamoja na hakuna anayesinzia.

Mhariri, la karatasi za A4 tunalichukua. Mchoraji tunaye, yule mvulana wa "mamangu" anachora baiskeli vizuri kuliko mimi.

#16 Babu_wa_Pangani

Mwalimu, zamani kwenye gazeti la *Mambo Leo* mtu wa Pangani alikuwa anatuma shairi, na mtu wa Tabora asiyemjua anamjibu kwa vina vile vile. Watu walijuana kwa kujibizana. Basi nawapa watoto wako swali, wanijibu:

*Enyi wajukuu zangu, swali moja nauliza,*
*Siku za utoto wangu, palipoingia giza,*
*Chini ya mwembe wenzangu, hadithi walieleza,*
*Nanyi mwakutana wapi, nijibuni kwa mizani.*

#17 Mwalimu_Tanga

Mzee, nimeunakili, Jumamosi unapanda ubaoni. Majibu yao nitayaweka hapa hapa, nawe utawasahihisha kama unavyowasahihisha wajukuu.

Kayole, watoto wako nao wajibu, hata bila mizani. Mama Ruwi, binti na bibi yake watunge pamoja. Wengine mkiweka ya watoto wenu, andikeni umri na mji tu, majina kamili na ya shule msiyaweke. Na kama mtoto hajakubali shairi lake litoke, liacheni nyumbani.

#18 Kayole254

Sawa mwalimu. Atieno tayari ameuliza huo mwembe uko wapi na kama bado upo. Mzee, utajibu au nimwambie angoje?